Jalada la jarida la muziki likikugomea: dalili, chanzo na marekebisho

Muhula ukikaribia kwisha, wanafunzi wa uanahabari na wa usanifu wa picha hujaa kwenye maduka ya kuchapisha ya Kisumu na Nakuru, flashi mkononi, na malalamiko ni yale yale. Kwenye laptopu jalada lilipendeza, kwenye karatasi limekuwa kitu kingine. Wengi huilaumu printa. Mara nyingi printa haina hatia: kosa lilitokea siku picha ilipopigwa au ilipotumwa, na programu imelibeba tu hadi mwisho.

Mifano ya hapa ni ya jarida la kubuni, tuliite Ziwani, la benga, ohangla na muziki mwingine wa magharibi mwa Kenya, saizi ya A4. Uwe unatumia Canva, Photoshop, GIMP au Scribus, dalili hazitofautiani sana.

Kabla ya kutafuta dalili yako, chapa nakala moja ya nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kawaida, iweke sakafuni, usimame wima uitazame. Kwa bei ya karatasi moja utajua kama jina linasomeka, kama uso unaonekana na kama kuna neno lililosogea mno ukingoni. Fanya hivyo wiki moja kabla ya kuwasilisha. Asubuhi ya siku yenyewe foleni itakuwa imefika mlangoni, na stima nayo ina mambo yake.

## Picha ina ukungu au imejaa vijisanduku

Chanzo cha kwanza, na kinaviacha vingine mbali, ni WhatsApp. Rafiki aliyekupigia picha kule ufuo wa Dunga ameituma kama picha ya kawaida, nayo ikabanwa ili isimalize bando. Kwenye simu huoni tofauti. Itanue hadi A4 ndipo utaona kingo za nyusi zimevunjikavunjika. Mwambie aitume tena kama dokumenti, aipakie Google Drive, au uichukue kwa waya moja kwa moja kutoka simu yake. Ile iliyobanwa usipoteze saa nzima ukiinoa kwa programu.

Kinachofuata ni skrinshoti ya Instagram au YouTube. Halafu kuna kuvuta kwa vidole: ulisimama nyuma ya umati, ukakuza mpaka mwimbaji akajaa kioo. Hivi viwili havina tiba, kwa sababu maelezo ya picha hayakuwahi kunaswa. Mara chache zaidi, picha ni nzima lakini umeihifadhi kazi yako kwa ubora wa chini. Kwenye Canva chagua PDF ya kuchapisha badala ya JPG ya kawaida.

Kukagua ni rahisi. Fungua sifa za faili, usome vipimo kwa pikseli. A4 nzima kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji 2480 kwa 3508. Ukitaka kujua picha yako inatoa ngapi, gawa upana wake kwa 8.27, ambao ndio upana wa A4 kwa inchi. Yenye upana wa pikseli 1200 inakupa kama 145, na hapo mtu aliyeshika jarida mkononi ataanza kuona kasoro. Usiitandaze ukurasa mzima. Ipunguze, uizungushie rangi moja nzito, na jalada litaonekana limekusudiwa hivyo. Kubadilisha 72 kuwa 300 kwenye programu hakusaidii: ama picha inabaki vile vile, ama programu inabuni pikseli ambazo kamera haikuziona.

Kwa picha za wapiga nyatiti kuna kipimo cha haraka zaidi. Ala ile ina nyuzi nane. Kuza picha hadi asilimia 100, uzihesabu. Zikiwa tano na ukungu kidogo, picha haifai, au simu ilikuwa kwenye modi ya potreti. Modi hiyo hukisia mahali mtu anapoishia na kufifisha kilicho nyuma yake, na vitu vyembamba kama nyuzi na ncha za nywele ndivyo huliwa kwanza. Izime, upige upya.

## Uso wa msanii umetoka mweusi tii

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, kwa sababu msanii mwenyewe akiliona jalada hatakwambia kitu, lakini hatakuitikia tena ukimpigia.

Anza na saa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la adhuhuri hupita juu ya utosi au karibu nao mwaka mzima. Macho yanaingia kivulini, na kama amevaa kofia, nusu ya uso imekwenda. Mpiga nyatiti ana taabu ya ziada: anakaa kwenye kigoda kifupi, ameinamia ala, kidole cha mguu kikigonga mbao kwa pete ya chuma. Uso wake unatazama ardhi. Mpige kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limelala. Kama ana nafasi mchana tu, mwingize chini ya baraza au mti, uso ukielekea upande ulio wazi, kisha mtandikie shuka nyeupe au kadibodi nyeupe mbele ya miguu, nje kidogo ya fremu. Mwanga utadunda kutoka chini, na utaona mashavu yakitokea.

Chanzo cha pili ni ziwa. Kila mtu anataka ziwa nyuma ya msanii, nalo linang'aa kuliko yeye. Kamera hupima mwanga wa maji na anga, ikaamua kila kitu kipungue. Gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kisha panda na kile kijijua kidogo cha pembeni mpaka ngozi ionekane vizuri. Anga ikipauka, sawa. Hakuna anayenunua jarida la muziki kwa ajili ya anga.

Cha tatu ni karatasi. Wino huenea unapogusa karatasi, hasa ile ya kawaida inayofyonza, na sehemu zenye giza huongezeka giza. Ngozi nyeusi iliyokuwa na mng'ao na maumbo kwenye skrini hujifunga ikawa doa. Usikimbilie kitufe cha mwangaza, kwa sababu kinapaka kila kitu kijivu. Tumia kavu (zana ya Curves kwenye programu), uinue toni za kati peke yake, weusi halisi wa nywele na macho ubaki ulipo. Kisha fanya jaribio hili: kata kipande cha uso tu, kiweke mara tatu kwenye karatasi moja, kila kimoja na kiwango chake cha mwanga, uchape kwa rangi kwenye printa ile ile na karatasi ile ile utakayotumia mwisho. Chagua kwa macho, na laptopu uifunge kabisa.

Shabaha ni kuona taya, kope na mstari wa mdomo. Msanii akianza kuonekana amejichubua, umepitiliza.

Kivuli ambacho hakina kitu ndani, weusi mtupu hata ukikuza na kukiinua, hakirudi. Hapo acha kompyuta, panga picha nyingine.

## Rangi za karatasi si zile za skrini

Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapisha huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi: kijani cha kung'aa, waridi kali, na ile bluu ya umeme ambayo wanafunzi huipenda kwa ajili ya ziwa. Bluu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haififii tu bali inageuka zambarau. Ukiweza kuweka viwango vya wino mwenyewe, hakikisha majenta iko chini ya samawati kwa angalau asilimia 30. Samawati 100 na majenta 70 bado itasomeka kama bluu, lakini 100 kwa 100 ni zambarau.

Kabla ya kufika huko, kagua mambo mepesi. Laptopu iko kwenye mwanga wa usiku? Modi hiyo hutia unjano kioo kizima, nawe unaongeza bluu kufidia unjano ambao haupo kwenye faili. Mwangaza wa kioo uko juu kabisa? Uteremshe mpaka ulingane na karatasi nyeupe uliyoishika pembeni. Printa iko kwenye hali ya kubana wino? Muulize mhudumu, atakwambia. Michirizi inayojirudia kwa urefu wa ukurasa ni tona au ngoma ya printa. Hiyo si kazi yako, nenda duka la jirani.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba lazima faili iwe ya rangi nne za wino. Kwa kiwanda cha uchapishaji, ndiyo, tena waulize wanataka mipangilio gani. Kwa printa ya mezani ya saiba, mara nyingi printa yenyewe inategemea rangi za skrini na inazigeuza kwa njia yake. Ukizigeuza kabla, zinageuzwa mara mbili na kupauka zaidi.

Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino nne, mashine ikiteleza nusu milimita utaona kivuli cha waridi pembeni ya kila herufi.

## Linafanana na bango la tamasha

Mhadhiri akisema "hili si jalada, ni posta", usibishane. Angalia kwanza kama kila kitu kimepangwa katikati: jina katikati, msanii katikati, maneno katikati, mpaka chini. Mabango ya matanga na ya shoo za wikendi hupangwa hivyo. Jarida huwa na upande. Msogeze msanii kidogo kulia, maneno yashuke upande wa kushoto yakiwa yamepangwa kwenye mstari mmoja wa kushoto, na sura inabadilika papo hapo.

Chanzo kinachofuata ni kukosekana kwa vitu vidogo: toleo namba ngapi, mwezi na mwaka, bei, na msimbopau. Namba ya msimbopau wa jarida huanza na 977 kwa sababu imejengwa juu ya ISSN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa majarida. Kwa mradi wa darasani weka wa mfano, lakini usinakili wa jarida halisi ukaacha namba zao. Namba ya simu ya kuhifadhi tiketi, mahali na saa havina kazi hapa. Viondoe.

Kisha maneno yenyewe. Jalada hubeba vidokezo vya kilicho ndani, na vidokezo vya wanafunzi wengi ni majina ya mada tu. "Historia ya benga" haimfungui mtu mkoba. Mwanamuziki wa benga D. O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa Shirati, Tanzania, akafariki Kisumu mwaka 2006. Kidokezo "Miaka ishirini bila Misiani: nani anashika gitaa?" kina mtu ndani yake, kina muda, kina swali. "Ngoma ya isukuti" nayo ni mada tu. UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa hiyo uliza nani anawafundisha watoto kuipiga leo. Vidokezo vinne au vitano vinatosha, kimoja kikiwa kikubwa kuliko vyote na kikimhusu mtu aliye kwenye picha. Ajabu ni wangapi huweka picha ya mpiga ohangla na kidokezo kikubwa cha rapa wa Nairobi.

Fonti nazo. Familia mbili, moja ya jina na vichwa, nyingine ya maelezo, zikitofautishwa kwa unene na ukubwa. Ukiona tano, futa tatu bila huruma.

Chanzo cha nadra, lakini ndicho kigumu kurekebisha, ni kuvaa sura ya muziki mwingine. Matofali yenye grafiti, moshi, herufi za chuma: hiyo ni hip hop ya Marekani au roki ya Uingereza, na mtu wa benga haoni chake. Kabla ya kuchagua rangi, nenda soko la Kibuye, Kisumu, uangalie vitambaa, au tazama mitumbwi ya uvuvi jinsi ilivyopakwa rangi. Usichukue picha ya kitambaa ukaibandika nyuma, chukua rangi tatu tu.

Kuhusu kichwa cha msanii kufunika jina la jarida: Rolling Stone, jarida la muziki la Marekani, wanaweza, wako sokoni tangu 1967 na msomaji anawajua hata akiona herufi nne. Ziwani toleo la kwanza hakuna anayelijua. Funika sehemu ya herufi moja, isizidi, na hakikisha bado linasomeka Ziwani.

## Maneno hayasomeki

Karibu kila mara yamekaa juu ya kitu chenye fujo: nyuzi, majani, umati, shati la maua. Yasogeze kwenye sehemu tulivu ya picha kabla ya kuongeza kivuli au mstari wa kuzunguka herufi. Picha isiyo na sehemu tulivu ilipigwa karibu mno. Ukienda kupiga, rudi nyuma hatua mbili, simu ikiwa wima, uache nafasi juu ya kichwa kwa ajili ya jina na nafasi upande mmoja kwa ajili ya vidokezo. Gitaa la benga lina shingo ndefu inayolala kwa upana. Mwombe mpigaji alielekeze juu kidogo, la sivyo ukataji wa wima utamkata vidole, na vidole ndivyo muziki wenyewe.

Ukubwa: kwenye jalada usishuke chini ya pointi 10, isipokuwa kwa jina la mpiga picha na namba ya toleo. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na programu iliyowekwa lugha ya Kiingereza huyakata inapotaka. Zima ukataji wa maneno, uyavunje mwenyewe kwa silabi: mwana-muziki, kamwe si mwanam-uziki.

## Fonti zimebadilika dukani

Ulipeleka faili ya Word, Publisher au ya programu ya kusanifu, na kompyuta ya duka haina fonti zako. Peleka PDF yenye fonti ndani. Ukifungua sifa za PDF utaziona zimeorodheshwa. Kama bado zinahama, geuza jina la jarida kuwa umbo kabla ya kuhifadhi, ukiweka nakala ya kuhariri pembeni kwa sababu baada ya hapo huwezi kusahihisha tahajia. Kijisanduku mahali pa alama ya juu kwenye majina kama Lwang'ni au Ang'awa maana yake fonti hiyo ya bure haina alama hiyo. Badilisha fonti, usiifute alama.

## Kuna ukingo mweupe, au maneno yamekatwa

Printa nyingi za mezani haziwezi kupaka hadi mwisho wa karatasi. Faili nzuri kabisa ya A4 ikichapwa kwenye A4 itaacha fremu nyeupe, au printa itaipunguza bila kukuuliza. Jalada hutengenezwa kubwa kuliko linavyohitajika, milimita 3 za ziada kila upande, yaani 216 kwa 303, kisha huchapwa kwenye karatasi kubwa ya A3 au SRA3 (kubwa kidogo kuliko A3) na kukatwa. Rangi ya nyuma na picha vifike mwisho wa ziada hiyo. Maneno yakae ndani, milimita 10 kutoka mahali pa kukata.

Upande wa uti upe nafasi zaidi, hasa ukifunga kwa stepla. Na kurasa za jarida la stepla hugawanyika kwa nne: ukiwa na 10, mbili zitabaki tupu au utaziongeza ziwe 12.

Ukataji mwachie mhudumu mwenye mashine. Zile gilotini kubwa zinakata rundo zima kwa mkupuo mmoja, usiingize mkono kusaidia kunyoosha karatasi.

## Wino unafutika, au karatasi imekwama

Wino unaotoka kwa kidole umetokana na karatasi isiyolingana na printa, au printa imewekwa karatasi nyepesi ilhali umeweka nzito. Mwambie mhudumu abadilishe aina ya karatasi kwenye mipangilio.

Hapa kuna onyo ambalo si la kupuuzwa. Karatasi ya picha inayong'aa ya printa za wino usiiingize kwenye printa ya leza. Printa ya leza huyeyusha tona kwa joto kali, na ule utando wa karatasi unaweza kuyeyuka ukashika ndani. Ikikwama, zima, usivute kwa nguvu, ita mwenye mashine.

## Limekataliwa kwa sababu ya picha

Chanzo cha kawaida ni picha ya Google. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha ina mwenyewe, naye kwa kawaida ni aliyeipiga, wala si msanii anayeonekana ndani yake. Kuandika "picha: intaneti" hakukusaidii. Kozi nyingi zinataka picha zako mwenyewe, basi piga zako.

Aliyepigwa naye aulizwe. Uso wa mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa mtoto ruhusa hutoka kwa mzazi au mlezi, hata kama mwalimu wa kwaya amekubali. Karatasi moja yenye jina, tarehe, sahihi na matumizi yaliyokusudiwa inatosha kwa mradi. Ukitaka kuliuza jarida au kulitangaza, au mtu akikuandikia kulalamika, usijibu kwa ubabe mtandaoni. Toa picha, kisha uulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya au wakili.

## Faili haifunguki

Jaribu kwanza kompyuta nyingine, kisha toleo jipya la programu, kisha nakala za dharura ambazo programu nyingi hujihifadhia stima inapokatika. Flashi ikiomba kufomatiwa, kataa. Usinakili kitu kingine juu yake, kwa sababu kila kinachoandikwa kinaweza kufunika kile unachokitafuta. Diski ya nje ikigonga au kukwaruza, ichomoe na usiiwashe tena kujaribu bahati. Mpelekee fundi wa kurejesha data. Laptopu iliyovimba chini ya kibodi ni betri: izime, usiichaji, usiibonyeze irudi, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Kazi yenyewe, kama una PDF ya jaribio la wiki iliyopita kwenye barua pepe yako, ipeleke dukani ichapwe hivyo hivyo.